Mzee yupo hai na nyie mshagawana: niliyoyaona kwenye kesi za wazee Kanda ya Ziwa

Kuna mteja ambaye nikimuona mlangoni tu nshajua kesi yake kabla hajakaa. Kijana mtu mzima, simu mkononi, anataka zuio la mahakama na analitaka leo leo maana baba yake anauza shamba. Namuuliza shamba la nani, anasema la mzee. Mzee yupo? Yupo. Akili zake? Ziko vizuri tena ni mkorofi kweli. Alishakupa hilo shamba? Hapana ila mimi ndo mtoto wa kwanza. Sasa mdogo wangu unataka nimzuie nani asiuze mali yake? Hapo ananiangalia kama mimi ndo nimechanganyikiwa, na wengine wanatoka wanasema huyo mama achaneni nae, ni wakili wa wazee huyo, hatatusaidia. Hawajakosea. Hiyo ndo kazi niliyoifanya sehemu kubwa ya maisha yangu hapa Mwanza na wilaya za jirani, Magu, Misungwi, Kwimba, saa nyingine mpaka Geita na Shinyanga huko, na kama kuna kitu kimoja nimekishika kwenye miaka yote hiyo ni kwamba kesi nyingi za wazee zinaanza pale watoto wanapoanza kuhesabu mali ya mtu ambaye bado anakunywa uji wake asubuhi.

Sheria kwenye hili haina maneno mengi. Mirathi inafunguka mtu akifa, kabla ya hapo hakuna mrithi, kuna mtoto tu. Mtoto mtu mzima hana fungu kwenye mali ya mzazi aliye hai, si kwa sheria ya serikali si kwa Kiislamu, huko nako mafungu yanahesabiwa mtu akishazikwa na kama anataka kumpa mtu kitu angali hai basi anatoa hiba. Upande wa mila inabidi niende taratibu kidogo maana ardhi ya ukoo ina mambo yake, ila hata hapo mahakama ilishasema zamani.

Wote tuliosoma sheria Tanzania tumeikariri kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya. Mama wa Kihaya, wilaya ya Muleba, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, na siku mbili baadae mtoto wa ndugu yake akawa ashafika Mahakama ya Mwanzo kusema mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, ya Wilaya ikapindua, Mahakama Kuu ikamaliza mchezo, kwamba Katiba inakataza ubaguzi na mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza. Darasani hiyo inafundishwa kama kesi ya haki za wanawake na ni sawa kabisa, mtihani unajibu hivo unapata maksi zako. Ila mimi niliirudia baadae sana, nshaanza hizi kazi za wazee, nikakutana na maneno ya mwanzoni kabisa ambayo chuoni tuliyapita mbio: aliuza kwasababu alikuwa anazeeka, akili zinaanza kuchoka, na hana wa kumtunza. Nikakaa nayo hiyo. Yaani kumbe ni kesi ya mzee aliyetaka kula chake kabla hajafa na mtu wa ukoo akaona ameibiwa! Shamba ndo lilikuwa mafao yake ya kustaafu, alilichukua kama mtumishi anavyochukua mafao ya mkupuo, na hakuna anayempeleka mtumishi mahakamani kwa kula mafao yake.

Na hapa watu wa mjini huwa hawaelewi. Zanzibar tangu 2016 kuna pensheni jamii, mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa kila mwezi hata kama hajawahi kuajiriwa, walianza na 20,000 na baadae ikapandishwa. Kenya wana Inua Jamii, elfu mbili za kwao kwa mwezi kwa wa miaka 70 kwenda juu. Huku kwetu Bara mzee mkulima ambaye hakuajiriwa ana shamba, ana ng'ombe kama wamebaki, na ana watoto. TASAF, ule mfuko wa serikali, inafika kwa kaya maskini ndio, ila si kila mzee. Sasa ukimnyang'anya shamba umemuachia watoto peke yake, na kama hao watoto ndo walionyang'anya...

Wenzangu wanajua kwangu kuna utaratibu mmoja ambao watu huwa unawakera: aliyemleta mzee anatoka nje. Hata awe padri. Nafanya hivyo kwasababu mzee mara nyingi haji peke yake, kuna mtu kalipa nauli, kuna mtu kashika begi lenye makaratasi, na huyo mtu ndo anaongea, mzee anaitikia tu eeh, eeh. Namwambia karani ampeleke huyo jamaa hapo nje akapate soda. Halafu siulizi kesi. Naamkia upya, naulizia magoti, mvua huko ikoje, ng'ombe, nani anapika siku hizi. Inachukua muda, na kama una haraka ya kwenda mahakama nyingine hii kazi haikufai, nakwambia ukweli. Kuna bibi aliletwa na binti yake asaini makubaliano ya kugawa eneo la familia, binti kapendeza, makaratasi yamepigwa chapa vizuri, kila kitu tayari, nilipobaki nae akaniuliza kwa sauti ya chini eti dokta anakuja saa ngapi. Alijua ameletwa hospitali.

Kwahiyo swali la mteja wangu ni nani, ambalo kwa wakili wa benki au wa kampuni wala halina shida, kwangu ndo kazi yenyewe. Anayelipa ada anaweza akawa mtoto lakini mteja ni mzee, na anayosema mzee tukiwa wawili hayatoki. Nimepoteza hela nyingi kwa msimamo huo, si uongo, kuna familia zilinifuata na hela yao mkononi zikaondoka nayo. Malipo ya wazee wenyewe huwa ni michembe (viazi vilivyokaushwa), kuku, mwaka mmoja nililetewa gunia la dengu nikagawa ofisi nzima.

Sasa kuna kitu ambacho chuo hakikufundishi kabisa. Mzee hataki kumshtaki mtoto wake. Anataka shamba lirudi, anataka yule mke wa kijana aache kumtukana, anataka chumba chake, lakini ukimwambia hii ni jinai twende polisi anaanza kumtetea mtoto kuliko wakili wa mtuhumiwa! Ni damu yangu mama, alikuwa amelewa, ni yule mwanamke ndo kamharibu. Mwanzoni nilikuwa naona ni udhaifu, siku hizi naona ndo maelekezo ya mteja kama maelekezo mengine, mzee wa miaka themanini anajua atazikwa na nani, na mimi nikishinda kesi kwa kumfunga mtoto wake pekee aliyebaki kijijini nani atamchotea maji? Kwahiyo karatasi nazoandika nyingi zinaomba vitu vidogo. Mauzo yafutwe. Mtoto aondoe kufuli lake. Barua tu ya notisi yenye muhuri wa wakili, iliyopitia kwa mtendaji wa kijiji akaisoma mbele ya watu, imemaliza mambo mengi kuliko hukumu.

Nikisema mauzo yafutwe sasa hapo ndo tunakuja kwenye dole gumba.

Mikataba ya kuuzia ardhi za wazee karibu yote inafanana. Karatasi ya daftari au iliyochapwa stesheneri, majina matatu ya mnunuzi yameandikwa vizuri, bei, mashahidi wote wa upande wa mnunuzi, na chini kabisa dole gumba la wino wa zambarau limebonyezwa mpaka limesambaa. Ukimuuliza mzee anakwambia niliambiwa ni ya mbolea ya ruzuku. Au ya msaada wa wazee. Na kinachonichosha ni kwamba dole hilo hilo likienda NIDA kwa kitambulisho cha taifa au kusajili laini ya simu mashine inalikataa, maana mikono iliyoshika jembe miaka hamsini alama zimelika, nimesimama na wazee kwenye zile foleni za kusajili laini 2019 na 2020 mashine inasoma vidole vyote kumi inakataa, mzee anaambiwa hatambuliki, ila kwenye kuuza ekari sita alitambulika fasta.

Wengi wanadhani dole likishawekwa imeisha. Haijaisha. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 16, kinaongelea ushawishi usiofaa na kimetaja kabisa mtu ambaye uwezo wa akili yake umeguswa na umri, ugonjwa au dhiki ya mwili au ya akili. Umri umeandikwa mle. Na ikionekana yule mwenzake alikuwa na nguvu juu yake na biashara yenyewe haieleweki, ekari sita kwa bei ya pikipiki mkweche, basi mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mnunuzi, yeye ndo athibitishe kwamba hakumshawishi isivyofaa. Kwa ardhi ya kijiji kuna na silaha nyingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji iidhinishe, mauziano ya chini ya mwembe kati ya watu wawili na mwenyekiti wa kitongoji aliyepewa chochote hayatoshi. Nikipata faili jipya cha kwanza naulizia muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, uko wapi, kilikaa lini, mzee aliitwa? Mara nyingi hakuna muhtasari. Ukiletwa wino wake bado mbichi.

Ila subiri, maana hapa kuna mtego ambao bado unanisumbua na sina jibu lake la moja kwa moja. Nikienda mahakamani Jumatatu nasema huyu mzee hakuelewa alichosaini, umri umemchosha, Jumatano nasimama kwa mzee mwingine wa umri ule ule nasema ana akili zake na haki ya kuuza, watoto wamuache. Kipimo ni nini? Yule mama wa Muleba kesi yenyewe ilisema akili zilikuwa zinaanza kuchoka na bado mahakama ililinda uamuzi wake, kwahiyo kusahau sahau tu hakumfanyi mtu asiwe mwenye mali. Mimi naangalia vitu vya kawaida sana. Anajua anauza nini na mpaka wake uko wapi? Anajua bei? Hela imeingia wapi, ipo? Anaweza kunieleza kwanini anauza, sababu yake, siyo yangu? Nikija tena baada ya wiki anaeleza hivo hivo? Ikibidi daktari nae aone aandike. Mzee mmoja wa Kwimba watoto wake waliapa amechanganyikiwa kwasababu aliuza ng'ombe wote akajenga nyumba ya bati na akaoa. Akaoa! Nilikaa nae nusu siku, akanitajia ng'ombe wale mmoja mmoja kwa rangi na kila mmoja kaenda kwa nani. Huyo hajachanganyikiwa, huyo ana mipango yake ambayo watoto hawaipendi.

Na watoto nao nisiwaseme vibaya wote, nitakuwa mnafiki. Kuna binti amemuhudumia mama yake aliyepooza, kaacha biashara yake Igoma karudi kijijini, anamgeuza usiku, na kaka zake walioko Dar wanapiga simu kuulizia hati ya kiwanja tu. Huyo akija kuuliza atapata nini, lile swali la shamba la nani naliuliza kwa upole zaidi. Nachomwambia ni kwamba kama mama anataka kumpa kitu ampe sasa hivi kwa maandishi akiwa na akili zake, au aandike wosia, maana msiba ukishatokea yeye na wale wa simu mahakama itawaona ni watoto sawa tu.

Wosia wazee wanauogopa, wanaona ni kujichuria. Siwalazimishi. Nawaambia tu kwamba wosia haumpi mtu chochote leo, unaweza kuubadilisha kila mwaka mpya ukipenda, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanahifadhi. Kwa wanaofuata mila kuna lile Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoziandika mila za urithi na wosia, ukiwa hujui kusoma na kuandika wosia wa maandishi unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo wawili watu baki, na hao mashahidi lazima wajue kusoma na kuandika, unajua kusoma wanatosha wawili, mmoja wa ukoo mmoja mtu baki. Wosia mwingi mzuri umekufa mahakamani kwasababu mashahidi wote walikuwa wa nyumba moja.

Tangazo hilo hilo ndo lina kanuni inayoniumiza kuliko zote. Linasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Isome tena polepole. Mwanamke kalima miaka arobaini na mume, mume akifa sheria inamwambia pensheni yako ni watoto. Wasipomtunza je? Wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kupinga, 2006 mahakama ikakiri kwamba mila hizo zina ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta, wakaenda mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa ya wanawake ile ya CEDAW, 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Sisi tunaosimama na wajane mahakamani tunapita pembeni: Sheria ya Ndoa ya 1971, jasho lake kwenye mali ya ndoa, kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani ni mchango, ile ilikuwa ya talaka lakini hoja yake tunaibeba, na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinachofuta mila inayomnyima mwanamke ardhi. Saa nyingine inapita, inategemea hakimu.

Na hakimu mwenyewe miaka mingi tulikuwa hatumfikii. Mirathi nyingi za wanakijiji ziko Mahakama ya Mwanzo na wakili alikuwa haruhusiwi kusimama mle, mpaka marekebisho ya 2021 yalipofungua mlango pale hakimu akiwa na shahada ya sheria. Kwahiyo nilikuwa namuandaa bibi nje, chini ya mti, anaingia peke yake, mi nachungulia dirishani kama mzazi siku ya mtihani. Tuliokolewa na wasaidizi wa kisheria, paralegal tunawaita, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi, wengi ni walimu wastaafu na akina mama wa vikundi, wanaijua sheria ya mirathi ya vitendo kuliko mawakili wa mjini wenye suti tatu. Mwaka huo huo wa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, watu wakashangilia, nami nilishangilia, ila wazee wangu wengi Kiswahili chao ni cha sokoni, wanaota kwa Kisukuma na wanaapa kwa Kisukuma, kwahiyo mkalimani bado ni mtu muhimu kuliko mimi. Nimeona mkalimani kijana anatafsiri maneno ya robo saa kwa sentensi mbili, bibi analalamika nimesema mengi huyu kayapeleka wapi.

Halafu tarehe. Mahakama inataka tarehe na mzee hana. Ukimuuliza ulianza kulima pale mwaka gani anakwambia nilikuta mkuyu mdogo. Usikate tamaa, mpe matukio. Uhuru ulikuwa umeolewa? Vita vya Amin vilikukuta wapi? MV Bukoba inazama, 1996, nyumba hii ilikuwepo? Wazee wa huku swali kubwa ni Operesheni Vijiji ya 1974, maana watu walihamishwa wakaacha mashamba, wakapangiwa mengine, baadae wengine wakarudi kimya kimya kwenye mahame yao, na hapo ndo mipaka mingi ilipochanganyika, kijana aliyezaliwa 1990 anakuja na madai ya babu yake juu ya ardhi ambayo mzee mwingine kaikalia tangu operesheni. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Nikishapanga matukio yakakaa kwenye mstari, hesabu inajiongea yenyewe.

Adui mkubwa ni muda, na hapa siongei kwa mafumbo, naongelea kalenda ya mahakama. Kesi ya ardhi inaahirishwa, mjumbe hayupo, jalada halijaletwa, wakili wa upande wa pili anaumwa, na kwa mnunuzi wa miaka arobaini kuahirisha ni mkakati kabisa maana anajua anachokisubiri. Mdai akifa katikati ya kesi sheria inataka msimamizi wa mirathi aingie badala yake, na msimamizi anapendekezwa na kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza nani? Yule yule mtoto aliyeuza. Imenitokea, nikakaa kwenye benchi naangalia mdai mpya anaomba kuiondoa kesi dhidi ya yeye mwenyewe. Tangu hapo kila mteja wangu mzee namuombea usikilizwaji wa haraka kwa hati ya dharura nikitaja umri wake waziwazi, na ushahidi wake naomba uchukuliwe wa kwanza kabisa, kabla ya majirani, kabla ya mtendaji, kabla ya mengine yote. Akishatoa maneno yake yakaandikwa na kuhojiwa, yamebaki.

Kuna sehemu ya kazi hii sipendi kuiandika ila nikiiruka nitakuwa nimedanganya. Mauaji. Kanda hii wazee, hasa akina mama, wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, macho mekundu, watu wanasahau kwamba umepikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yako yote kwenye kijumba kisicho na dirisha lazima macho yawe mekundu. Mashirika kama MAPERECE la Magu na HelpAge walifanya kazi mpaka kwenye majiko banifu kwa ajili hiyo hiyo. Lakini mimi ni mtu wa makaratasi, na ukifungua faili la ardhi la ile familia mara nyingi unakuta mgogoro ulianza kabla ya uvumi. Kwanza eneo, halafu mgonjwa kwenye familia, halafu mganga, halafu maneno. Ndo maana bibi akinisimulia mgogoro wa mpaka na katikati akataja kwamba siku hizi watoto wa jirani wanamkimbia njiani, au kaokota karatasi ya vitisho mlangoni, kalamu naiweka chini. Hiyo si kesi ya ardhi tena. Siku hiyo hiyo polisi, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, mwenyekiti wa kijiji ajue kwamba sisi tunajua na majina tumeyaandika, na bibi alale kwingine. Shamba litasubiri.

Vijana wa sheria wanaokuja kwangu kujifunza huwa wanauliza tunatumia sheria gani ya wazee. Nawaambia kuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inaanzia miaka 60, ina maneno mazuri, ila sera huwezi kuisimamisha kizimbani. Zanzibar walitunga sheria yao kabisa 2020. Afrika nzima kuna Itifaki ya Haki za Wazee iliyopitishwa na Umoja wa Afrika 2016. Sisi kazi zetu za kila siku tunazifanya na mikataba, ardhi, ndoa, ushahidi, sheria za watu wote ambazo ukizisoma na mzee kichwani zinakuwa zinamuongelea yeye.

Wiki hii tuna kikao Magu, ofisi ya kijiji. Mzee anataka kuuza ekari mbili kati ya tano, apaue nyumba na abakize ya dawa za presha, muombaji ni yeye mwenyewe na barua kwa halmashauri ya kijiji nimeandika mimi, mpaka tumeupita kwa miguu na majirani wote wanne. Watoto wapo sita, wawili wamegoma. Nimewaambia waje wote na yule wa Dar awekwe kwenye simu, spika, kila mtu amsikie mzee anavyosema kwa mdomo wake, muhtasari uandikwe pale pale na usainiwe pale pale. Wale wawili wakitaka kwenda Baraza la Kata waende, siku hizi kata inasuluhisha tu, wana siku 30, ikishindikana tutakutana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mzee atakuwa shahidi namba moja.